Kila mtu anaprinti kwenye mashine yetu: nitaamuaje nani aruhusiwe?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni afisa utawala katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kigoma Mjini, si mbali na bandari. Tuko wafanyakazi saba. Tuna printa moja kubwa ya leza iliyo kwenye korido, inaprinti, inatoa kopi na kuskani, na imechomekwa kwa waya kwenye rauta. Rauta ni yetu, lakini ofisi jirani nao wanaitumia kwa Wi-Fi kwa sababu tunachangia bili ya intaneti. Tona iliyokuwa inatutosha miezi mitatu sasa haimalizi miwili. Nimekuta kwenye trei kadi za michango ya harusi, ripoti za field za wanafunzi, hata nyimbo za kwaya. Juzi ndiyo ilinitisha zaidi: ankara ya mteja wetu wa mzigo wa Bujumbura ilichukuliwa na mtu wa ofisi jirani pamoja na karatasi zake. Niliweka nenosiri kwenye printa, haikusaidia. Kijana mmoja akaniambia nisajili kwenye rauta namba za MAC, zile zinazotambulisha kila kifaa. Nikafanya hivyo, simu za watu zikaanza kukataa kuingia, na printa bado inatumika. Bosi anataka watu wanne tu ndio waprinti, wengine waombe. Nifanyeje bila kununua mashine nyingine?

JIBU: Ndugu yangu, pole. Hujakosea popote, hatua ulizochukua ndizo watu wengi huanza nazo, na ni kweli kwamba hazizuii kuprinti. Nitakueleza kwa nini, kisha tuone njia zilizopo kwa mashine hiyohiyo mliyonayo. Kabla ya hapo naomba tutenganishe mambo matatu ambayo kwenye barua yako yamekuja kwa pamoja: tona inaisha haraka, majirani wanatumia mashine yenu, na siri ya mteja imetoka nje. Kila moja lina dawa yake. Ukiyashika yote kama tatizo moja, unaweza kuwafungia watu kuprinti na tona ikaendelea kuisha vilevile.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Nenda kwenye kioo cha printa, ingia sehemu ya ripoti, utoe karatasi ya matumizi. Printa nyingi za ofisi zina ukurasa huo, na humo utaona idadi ya kurasa zilizotoka kwa kuprinti kutoka kwenye kompyuta, zilizotoka kwa kopi, na wakati mwingine zilizotoka kwenye flashi. Itoe leo, uiandike tarehe, uitoe tena baada ya wiki mbili, ulinganishe. Naliweka hili mwanzo kwa sababu ofisini mara nyingi lawama zote hupewa mtandao, kumbe sehemu kubwa ya kurasa ni kopi: mtu amesimama pale koridoni na kitabu chake, anabonyeza kitufe cha kijani. Kizuizi chochote cha mtandao hakimgusi mtu huyo.

Na ukitazama tona, kumbuka idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi, yaani barua ya kawaida yenye nafasi nyeupe nyingi. Kadi ya mchango wa harusi yenye ua kubwa jeusi na picha ya maharusi inaweza kula mara kadhaa ya hapo. Kadi mia moja za namna hiyo si sawa na barua mia moja.

Sasa nenosiri. Nenosiri uliloweka ni la msimamizi. Linalinda ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguka ukiandika anwani ya printa kwenye kivinjari. Anayetaka kubadilisha jina la printa au lugha yake ataulizwa nenosiri. Anayetaka kuprinti haulizwi kitu. Ni kama kufunga droo ya meneja na kuacha mlango wa ofisi wazi. Hata hivyo usiliondoe, maana tutalihitaji mbele. Ila kama bado ni lile la kiwandani, libadilishe leo, kwa sababu manenosiri ya kiwandani yamo kwenye vitabu vya maelekezo, na baadhi ya mashine huyabandika kwenye lebo nyuma.

Kuhusu namba za MAC: orodha ile kwenye rauta inaamua kifaa gani kiingie kwenye Wi-Fi. Haijui kabisa habari za printa. Aliyeruhusiwa kuingia mtandaoni, jirani akiwemo, anaifikia printa kama kawaida. Na simu kukataa kuingia hakukutokana na kosa lako. Simu za siku hizi, za Android na iPhone, hutumia namba ya MAC ya kubuni badala ya namba yake halisi ili mwenye simu asifuatiliwe. Ulisajili namba moja, simu ikaja na nyingine. Juu ya hayo, anayejua anaweza kuiga namba ya kifaa kilichoruhusiwa. Ushauri wangu ni kuiondoa orodha hiyo. Inakupa kazi kila siku bila kukupa ulinzi.

Kuna na ushauri wa tatu ambao huenda utaletewa: zima ile huduma inayofanya printa ijitangaze kwenye simu, isionekane. Kuificha ni sawa, inapunguza wapita njia. Lakini aliyekwisha kuiweka printa kwenye kompyuta yake tayari anayo anwani yake, na ataendelea kuprinti.

Kiini cha jambo ni hiki. Printa iliyo kwenye mtandao ni kompyuta ndogo yenye anwani yake, tuseme 192.168.1.50, na milango kadhaa yenye namba. Mlango unaotumika sana ni 9100. Kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao huo ikitupa data kwenye mlango 9100, printa inaipokea na kuiprinti. Haiulizi jina, haiulizi nenosiri, haijui kama aliyetuma ni mhasibu wenu au mtoto wa jirani. Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya urahisi, zama ambazo kila aliyekuwa kwenye mtandao wa ofisi alikuwa mtu wa ofisi. Kuna mingine, 515 na 631, nayo kwenye printa nyingi huachwa wazi tangu kiwandani.

Ukishaelewa hapo, dawa inajionyesha yenyewe. Printa yenu haina uwezo mzuri wa kutambua watu, lakini Windows inao. Basi kazi zote zipitie kompyuta moja, hiyo kompyuta ndiyo iamue nani anaruhusiwa, na printa iambiwe isimsikilize mwingine yeyote isipokuwa kompyuta hiyo. Hizo ni hatua mbili na lazima ziende pamoja. Mafundi wengi hufanya ya kwanza tu: wanashea printa kwenye kompyuta ya sekretari, wanaweka ruhusa nzuri kabisa, wanaondoka. Mfanyakazi aliyezuiwa anaongeza printa upya kwa kutumia anwani yake, anampita sekretari pembeni, anaprinti.

Lakini kabla ya hatua hizo mbili, waondoe majirani kwenye mtandao wenu wa ndani. Hili ndilo tundu kubwa kuliko yote, na ndilo jepesi kuziba. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni. Uwashe, uupe jina na nenosiri lake, hakikisha umezuiwa kuona vifaa vya ndani, kisha uwape jirani huo. Watapata intaneti wanayoichangia, printa hawataiona. Halafu badilisha nenosiri la Wi-Fi yenu kuu, na uwaeleze wenzako lisitolewe. Siku hizi mtu hahitaji hata kulitaja: kwenye simu ya Android anafungua msimbo wa QR, mwenzake anapiga picha, ameingia. Wageni wanaokaa mapokezi wakisubiri hati zao wapewe mtandao wa wageni pia. Ukimaliza, jaribu mwenyewe: unganisha simu yako kwenye mtandao wa wageni, andika anwani ya printa kwenye kivinjari. Ukurasa wake ukifunguka, kizuizi hakijafanya kazi.

Sasa kompyuta ya kuprintia. Chagua moja inayokaa wazi saa zote za kazi, na uizuie isilale. Kwenye rauta, iwekee anwani ya kudumu, vivyo hivyo printa, maana rauta ikizigawa upya anwani baada ya umeme kukatika, kila utakachokipanga hapa chini kitavurugika. Kwa kuwa Kigoma tunaujua umeme wetu, kompyuta hiyo na rauta ziwe kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo. Sehemu yake inayochoma tona kwenye karatasi huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kuiua UPS.

Kwenye kompyuta hiyo tengeneza akaunti nne, moja kwa kila aliyeruhusiwa, kila moja na nenosiri lake, na uziweke kwenye kikundi kimoja. Shea printa. Kisha fungua sifa za printa, nenda kwenye kichupo kilichoandikwa Security. Hapo utakuta jina Everyone lenye ruhusa ya kuprinti; ndivyo Windows inavyoanza, kila mtu ndani. Liondoe jina hilo, uweke kikundi chako cha watu wanne. Msimamizi wa kompyuta mwache alivyo.

Hapo kuna mtego ambao umewapotezea watu siku nzima. Usiliache Everyone kisha ukatia alama kwenye Deny. Katika Windows kukataza kuna nguvu kuliko kuruhusu, na wewe mwenyewe ni mmoja wa hao kila mtu. Utakuwa umejifungia nje pamoja na bosi. Liondoe tu, asiyetajwa hana ruhusa.

Hakikisha pia kwamba ile mipangilio ya kushea inayodai nenosiri imewashwa. Ikiwa imezimwa, kompyuta haitambui nani ni nani, na orodha yako ya wanne haina maana. Kwenye kompyuta ya kila mmoja wa wale wanne, unapounganisha printa utaulizwa jina na nenosiri. Weka akaunti yake, uiambie ikumbuke. Windows inaweza pia kudai nenosiri la msimamizi wakati wa kuweka programu ya printa. Usishtuke. Microsoft walikaza hapo mwaka 2021 baada ya udhaifu mkubwa kugundulika katika mfumo wa kuprinti wa Windows, ule uliojulikana kama PrintNightmare. Kwa sababu hiyohiyo, usizime masasisho kwenye kompyuta ya kuprintia.

Baada ya hapo ndipo unaifunga printa yenyewe. Ingia kwenye ukurasa wake kwa lile nenosiri la msimamizi, utafute sehemu ya mtandao au ya usalama. Kwenye printa nyingi za ofisi kuna orodha ya anwani zinazoruhusiwa, wengine huiita kichujio cha IP. Andika anwani ya kompyuta ya kuprintia, na ya pili ya akiba, labda ya bosi, ili kompyuta ya kwanza ikiharibika kazi isisimame na mzigo wa mtu uko bandarini. Soma tarakimu mara mbili kabla ya kuhifadhi. Ukikosea, printa haitaisikiliza hata kompyuta yako, na itabidi uirudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kutumia vitufe vyake. Ukishahifadhi, jaribu na kuskani kwenda kwenye barua pepe, kwa sababu kwenye baadhi ya mashine kizuizi hiki hugusa na skani.

Printa yenu isipokuwa na orodha hiyo, ipo njia ya kizamani na ni imara: chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi ya printa, uiunganishe na kompyuta ya kuprintia kwa waya wa USB. Asiyepita kwenye kompyuta hiyo hana njia ya mtandao tena. Ubaya wake ni kwamba mtapoteza skani ya mtandaoni, na waya wa USB wa kawaida haupaswi kuzidi mita 5, hivyo printa itabidi itoke koridoni iingie chumbani. Kwa ofisi ya watu saba mimi naona hilo la mwisho ni faida.

Vyovyote utakavyofanya, usisahau Wi-Fi Direct. Printa nyingi hurusha mtandao wao wenyewe mdogo, tofauti na rauta, ili simu iprinti bila kupitia popote. Umefunga yote, mtu anakaa koridoni anaunganisha simu moja kwa moja na mashine. Izime. Tundu la flashi nalo lizime kama hamlitumii. Na kopi: tafuta kwenye mipangilio kama mashine inaweza kudai namba ya siri kabla ya kutoa kopi, au namba za idara. Kama inaweza, mpe kila mtu namba yake. Kama haiwezi, hakuna programu itakayokusaidia. Ihamishie mashine mahali ambapo kuna mtu anayeiona.

Niseme wazi na udhaifu wa mpango huu. Mtu mjuzi aliye ndani ya mtandao wenu anaweza kuizima kompyuta ya kuprintia, akaipa yake anwani ileile, na printa ikamkubali. Kwa ofisi yenu sidhani kama ni hatari ya kukunyima usingizi, ila usimwambie bosi kwamba haiwezekani kabisa.

Faida nyingine ya kupitisha kazi zote mahali pamoja ni kumbukumbu. Windows inaweza kuandika kila kazi iliyoprintiwa: nani, saa ngapi, kutoka kompyuta gani, kurasa ngapi. Huwa imezimwa. Fungua Event Viewer, programu ya Windows ya kutazama kumbukumbu, tafuta PrintService, uwashe kumbukumbu iitwayo Operational, kisha utazame matukio namba 307. Lakini waambie wenzako kwamba kumbukumbu ipo. Kumpeleleza mtu kimya kimya kwa ajili ya kurasa kumi kunaharibu ofisi kuliko tona.

Na hapa niongeze neno kuhusu agizo la bosi la watu wanne. Kiufundi linawezekana, nimekueleza. Kiutendaji nina wasiwasi nalo. Watatu waliobaki nao wana kazi za ofisi, na watakachofanya ni kutuma faili kwa mwenzao kwa WhatsApp aprinti. Hapo hati ya mteja imekaa kwenye simu mbili, na kumbukumbu itaonyesha jina la asiyehusika. Ningekuwa mimi, ningewaruhusu wote saba, kila mmoja na akaunti yake, nikawasha kumbukumbu, na bosi akatamka kiwango cha kurasa za binafsi kwa mwezi pamoja na bei ya zinazozidi. Mtu akijua jina lake linaandikwa, kadi za harusi ataenda kuzifanyia stationery huko Mwanga. Mpelekee bosi wazo hilo pamoja na zile karatasi mbili za matumizi. Tarakimu zitamshawishi kuliko maneno.

Ile ankara iliyochukuliwa isichukuliwe kirahisi. Ninyi mnashika TIN, nakala za pasipoti na bei za mizigo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na karatasi iliyoachwa kwenye trei ni taarifa pia. Dawa yake ni kuprinti kwa namba ya siri: unatuma kazi, printa inaishikilia, haitoi kitu hadi ufike na kubonyeza namba yako. Tazama kwenye mipangilio ya kuprinti kwenye kompyuta, mashine nyingi za ukubwa huo zinao uwezo huo, na kwa hati za wateja ufanye kuwa lazima. Na hiyo ankara, mrudieni jirani muiombe, kisha mteja aambiwe.

Mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe jioni moja watu wakishaondoka. Fundi aje ikiwa rauta yenu haina mtandao wa wageni, au mnatarajia kufika watu kumi na tano na kuendelea. Hapo mnahitaji mtandao uliogawanywa kwenye swichi, yaani kifaa kinachounganisha waya za mtandao, na seva, yaani kompyuta kuu inayotunza akaunti zote mahali pamoja. Ikiwa printa ni ya kukodi, mpigie aliyewakodisha kabla ya kugusa mipangilio, soma na mkataba.

Na umuite siku hiyohiyo, bila kungoja, kama zinatoka kurasa zenye herufi zisizoeleweka au ujumbe ambao hakuna aliyeutuma, hasa usiku. Inawezekana mtu alifungua njia kwenye rauta na printa yenu inaonekana kutoka intaneti. Novemba 2018 mtu mmoja alijinadi kuwa ametuma ujumbe wa kumpigia debe PewDiePie, yule maarufu wa YouTube, kwenye printa zipatazo 50,000 duniani, zote zikiwa zimeachwa wazi kwa namna hiyo kupitia ule mlango 9100. Chomoa waya wa printa kwenye rauta, kisha piga simu.

Fundi akimaliza, asiondoke kabla hajakuandikia kwenye karatasi anwani ya printa, anwani zilizoruhusiwa, na manenosiri ya msimamizi ya printa na ya rauta. Ijaribu mbele yake kutoka kwenye kompyuta isiyoruhusiwa, kisha karatasi hiyo ifungiwe pamoja na nyaraka za ofisi.